Uso wa Kuazima

Ofisini wananitania kwamba mimi ndiye mpokea vifo. Gazeti letu ni dogo, hutoka mara moja kwa wiki, na watu wa Mwanza hulinunua kwa mambo mawili: mpira na tanzia. Mhariri hapendi nikisema hivyo. Yeye anaamini wanalinunua kwa ajili ya maoni yake ya ukurasa wa nne. Lakini mimi ndiye ninayekaa meza ya mbele, karibu na mlango, na nawaona wanavyolifungua palepale ngazini. Wanaanzia nyuma, kidole kinashuka polepole kwenye safu za marehemu, na wakikuta hakuna wa kwao ndipo wanapumua na kwenda kwenye mpira.

Kazi hii imenipa ukali fulani. Sina uvumilivu na maneno ya bure. Mfanyabiashara mkubwa akifa, watoto wake huniletea karatasi iliyojaa "pengo lisilozibika" na "nguzo ya jamii", hata kama mji mzima unajua nguzo yenyewe ilikuwa haisalimii watu. Mvuvi akifa, analetwa na maneno machache tu: ameacha mjane na watoto, mazishi kesho. Nikikaa peke yangu huwa najiuliza ni yupi kati yao ataliliwa zaidi, na huwa nalijua jibu.

Linalonisumbua zaidi ni picha. Watu hawapigi picha wakiwa na nia ya kufa, kwa hiyo msiba ukitokea wanahangaika. Wananiletea picha za harusi za watu wengine, marehemu amesimama pembeni ameshika soda. Tukimkata ili abaki peke yake, begani kwake unabaki mkono wa mtu asiyejulikana. Gazeti letu lina mikono mingi ya namna hiyo. Familia za Kihindi zenye maduka mjini ndizo hunirahisishia kazi: wanakuja na picha nzuri ya studio, mzee amevaa koti, anatazama mbele kana kwamba alijua siku moja ataangaliwa na mji mzima. Sisi wengine hatuna utaratibu huo. Sisi tunatafuta picha ya mtu akiwa ameshaondoka.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba mama yangu alipofariki sikuwa mgeni wa mambo haya. Nilikuwa mezani kwangu nikipokea msiba wa mtu mwingine nilipopigiwa simu. Nilimaliza kuandika jina la makaburi, nikamwambia yule mteja pole, ndipo nikainuka.

Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki Nyakato, kazi ya kisu na maji baridi. Alitulea mimi na wadogo zangu katika chumba na sebule Mabatini, baba akiwa ameshahamia kwa mke mwingine upande wa Geita. Alikuwa mwanamke wa kucheka. Akianza kucheka majirani nao walicheka bila kujua sababu, na meno yake yote yalionekana, meupe, yamepangika. Alikufa kwa homa iliyomchukua haraka kabla hatujaelewa kwamba ni jambo kubwa.

Picha yake hatukuwa nayo. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeingiza mto ndani ya nyumba zetu, na sanduku la mbao lililokuwa chini ya kitanda lilitoka limejaa tope. Picha zote zilikuwa zimeshikana pamoja, ukizibandua uso unabaki upande wa pili. Kilichopona ni kadi yake ya kupigia kura. Niliipeleka ofisini mwenyewe, nikaiskani mwenyewe, nikaiongezea mwanga kadiri kompyuta ilivyoweza. Likatoka doa jeusi lenye kilemba. Nilikuwa nimeshawaambia watu wengi kwa miaka mingi, "Hii haitafaa, tafuteni nyingine," na sasa hakukuwa na wa kuniambia mimi.

Nilirudi nyumbani nikakuta mama mkubwa ameshafika kutoka Sengerema.

Mama mkubwa na mama walikuwa mapacha. Yeye alitangulia kutoka, ndiyo maana tulimwita mkubwa, ingawa walifanana kiasi kwamba nilipokuwa mdogo nilimfuata yeye jikoni nikidhani ni mama. Yeye alibaki kijijini akilima mihogo na viazi, mama akaja mjini. Sasa alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake wanaolia, macho yake makavu. Waliokuwa hawaujui ukoo wetu walinong'ona kwamba ana roho ngumu. Kwetu pacha haruhusiwi kumlilia mwenzake. Wazee wanasema akimlilia anamwita, na mwenzake akigeuka atamchukua. Kwa hiyo alikaa tu, mikono juu ya magoti, huku shangazi mmoja akimwangalia asije akajisahau.

Nilimsalimia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mama. Nikamweleza kuhusu picha. Nilikuwa nalalamika tu, sikuwa naomba kitu.

"Gazeti linafungwa saa ngapi?" aliuliza.

"Kesho mchana, mama mkubwa."

"Sasa unahangaika nini na mimi nipo?"

Sikumwelewa mara moja. Alikuwa ameshainuka. Aliingia chumbani kwa mama, akafungua begi la nguo, akachagua gauni la kitenge ambalo mama alilivaa kanisani. Alipotoka amelivaa, na kilemba amekifunga kwa upande kama alivyokuwa anakifunga mwenye gauni, kilio pale sebuleni kilikatika ghafla. Mdogo wangu wa mwisho alisimama akatoka nje. 

Tulikwenda studio iliyokuwa karibu na soko. Mpiga picha alimwambia, "Mama, tabasamu kidogo." Mama mkubwa akakataa. Jino lake moja la mbele lilikuwa limetoka zamani, na mama yetu alikuwa na meno yote. "Nikifungua mdomo nitamharibu," aliniambia kwa Kisukuma. Akafunga midomo, akatazama mbele.

Ilitoka picha safi kuliko zote nilizowahi kuzipa kurasa zile.

Gazeti lilipotoka watu walinisifu. Walisema mama yenu anaonekana kabisa, kama yuko hai. Mama mkubwa alipokuwa anarudi kwake baada ya matanga, mwanamke mmoja ndani ya kivuko, aliyeshika gazeti mkononi, alimwona akapiga ukelele, watu wakakimbilia upande ule wakidhani kuna mtu ametumbukia ziwani. Mama mkubwa alimshika yule mwanamke mkono akamwambia, "Tulia, mama. Huyo ni mwenzangu. Mimi bado." Alinisimulia hayo kwenye simu bila kucheka na bila kusikitika, kama mtu anayetoa taarifa kwamba amefika salama.

Mwaka ulipokaribia kutimia, nikaanza kuandaa kumbukumbu. Hilo nalo lina maneno yake: ni mwaka sasa tangu ututoke, tunakukumbuka kwa upendo na ucheshi wako, unakumbukwa na wanao. Picha huwa ni ileile ya tanzia. Lakini mama mkubwa alipiga simu akasema anakuja kupiga nyingine.

"Ya mwaka jana ipo, mama mkubwa. Nzuri tu."

"Ile imepitwa. Mwenzangu angekuwa ameongeza mwaka."

Alikuja na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akavaa lile gauni, akafunga mdomo wake, tukapiga. Mhariri alipoiona ile picha aliniita ndani. Aliweka za miaka yote miwili mezani.

"Dada, hapa kuna tatizo. Marehemu haongezeki umri."

Mama mkubwa, ambaye alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, aliingia bila kuitwa. Mhariri aliinuka, maana ni mtu mwenye adabu akishawekwa mbele ya mzee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekuambia haongezeki? Sisi tulizaliwa siku moja. Mimi nikizeeka, na yeye anazeeka."

Mhariri alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama zile picha. Kisha akasema iende.

Basi ikawa hivyo kila mwaka. Mama yangu alizeeka gazetini. Mashavu yalishuka kidogo, nywele chini ya kilemba zilianza kuwa nyeupe, macho yakaingia ndani. Wasomaji wetu hawaweki magazeti, wengi wao hufungia maandazi, kwa hiyo ni wachache walioona. Mteja mmoja aliwahi kuniambia kwamba mama yangu lazima alipenda sana picha, maana tunazo nyingi. Nikamwambia ndiyo, alipenda.

Mimi niliingoja siku ile kuliko Krismasi. Tulipotoka studio alitangulia nyumbani, wala hakulivua lile gauni mpaka jioni. Alipika, aliwakemea wadogo zangu, alikaa mlangoni kwenye kigoda akichambua mchele. Nikitoka kazini nikiona ule mgongo pale mlangoni, kwa muda kidogo moyo wangu haukujua habari za msiba. Sikumwambia mtu. Mtu mzima mwenye watoto wake anaona haya kusema kwamba ana siku moja kwa mwaka ya kuwa na mama.

Mama mkubwa alikuwa na binti, mkubwa kwangu kidogo, naye alikuwa hapendi jambo hili. Alinieleza wazi nilipokwenda kwao Sengerema kwenye harusi. "Akitoka kwenu anarudi mgonjwa. Chakula hali. Shambani haendi. Anakaa tu ameangalia ukuta. Mnamvalisha nguo ya marehemu halafu mnanirudishia mimi." Nilimjibu kwamba anakuja kwa hiari yake. Akasema, "Kwa hiari yake, sawa. Lakini wewe umewahi kumkataza?" Sikuwahi, na sikuwa na mpango wa kumkataza.

Halafu mama mkubwa akaugua. Ilikuwa karibu na siku zetu, mwezi uleule wa kumbukumbu, akalazwa hospitali pale Sengerema. Nilivuka kwenda kumwona. Nilikuwa na aibu, kwa sababu ndani ya pochi nilikuwa nimebeba lile gauni. Nilijiambia nimelibeba kwa ajili yake, asije akaliulizia. Uso wake ulikuwa umebaki mifupa.

Aliona jinsi nilivyokuwa nimeikumbatia ile pochi. "Usilitoe," alisema. "Safari hii sipigi. Mwenzangu hakuugua hivi. Muache palepale pa mwaka jana."

Nikamwambia atapona. Akanipigapiga kwenye mkono, akasema, "Haya."

Alifariki wiki ileile. Binti yake alinipigia simu, akalia, nikalia, na kabla hatujamaliza kulia nilikuwa nimeanza kufikiria lile ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko mazishi. Mama mkubwa anahitaji tanzia. Gazeti ni langu, nitaiandika mimi. Na picha?

Nilifika msibani nikakuta binti yake ameshaitafuta. Tulikaa nyuma ya nyumba, karibu na mahali pa kuanikia michembe, mbali na watu. Nilianza kwa kuzunguka. Nilisema mjini uso ule wanaujua ni wa mama yangu. Nilisema watu watachanganyikiwa, watasema amekufa mara ya pili, watatucheka. Nikapendekeza tuweke maneno tu, mazuri, nitayaandika kwa mkono wangu, wala hayatakuwa yale ya kila mtu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameanza kufanana na mama yake, kwa hiyo na mama yangu, na hilo halikunisaidia.

"Mdogo wangu," alisema, "mama yangu amewaazima uso wake miaka yote hii. Sikusema kitu, au nilisema kidogo. Leo amekufa yeye. Atangazwe kwa uso wa nani?"

Kuku walikuwa wanaparura mahali pa michembe, akawafukuza kwa mkono.

"Naomba mama yangu," alisema.

Nilikuwa na hasira, na ninaikumbuka vizuri kwa sababu haikuwa na mahali pa kwenda. Nilikasirikia mto, nilikasirikia sanduku la mbao, nilimkasirikia hata yeye kwa kuomba kitu ambacho ni chake. Nikiutoa uso ule mama hatabaki na kitu. Kadi yenye doa, na gauni. Nikajua pia kwamba hakuna njia nyingine. Nimekaa mezani pale miaka mingi nikipokea picha za watu, na hakuna siku niliyomwambia mtoto yeyote kwamba uso wa mama yake una mwenyewe mwingine.

"Ni ipi?" nikauliza.

Akanionyesha kwenye simu. Alikuwa amempiga mwenyewe shambani, kabla ya ugonjwa, bila mama mkubwa kujiandaa. Ameshika jembe, kilemba kimelegea, anacheka mdomo wazi, na pengo linaonekana waziwazi. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Kwetu alikuwa anakuja amefunga midomo, na hata tulipokuwa nyumbani hakuifungua sana, kwa sababu siku ile alikuwa anafanya kazi ya kuwa mtu mwingine. Niliitazama ile picha muda mrefu. Ilikuwa ya mtu ambaye nilimjua kidogo tu.

Niliipeleka ofisini, nikaiandika tanzia yake kama alivyotaka binti yake. Mhariri aliiangalia, akaniuliza kwa upole kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Mazishini nililia kwa sauti ambayo iliwashangaza watu wa kule. Mimi sikuwa pacha wa mtu, hakuna aliyeweza kunikataza.

Mwaka huu kumbukumbu ya mama imefika tena. Picha za studio bado zipo kwenye kompyuta ya ofisi, zote, zimepangwa kwa miaka. Ningeweza kuitumia mojawapo na hakuna ambaye angeuliza, labda hata dada yangu wa Sengerema asingeona. Niliifungua ya kwanza, nikaikuza mpaka ikajaa kioo, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilijaribu kumwona mama akifanya kitu, chochote, akichota maji, akifunga mlango, akitukemea, na kila alichofanya alikifanya amefunga midomo. Kucheka kwake najua kulikuwepo, nimeandika hapa juu, lakini najua kama ninavyojua habari niliyosimuliwa. Nikifumba macho simwoni. Uso tulioazima ulikuwa umekaa mahali pake kwa muda mrefu mno.

Nilizifunga zile picha. Nikakaa nimwandike kwa maneno namna alivyokuwa, mimi ambaye ni kazi yangu. Niliandika na kufuta asubuhi nzima. Kila mstari ulikuwa unawafaa wote wawili. Mwishowe nililopata, ambalo nina hakika nalo, ni mikono. Ya mama mkubwa ilikuwa ya jembe, mikavu, yenye joto. Ya mama ilikuwa baridi kila alipotoka kiwandani, imekatwakatwa na visu, na tulipokuwa na homa alituwekea kwenye paji la uso, akasema afadhali hata baridi hii ina kazi. Niliandika hilo. Sikuweka ucheshi wala upendo wala pengo. Nikaweka mwaka, nikaweka "wanao", na mahali pa picha nikaliacha tangazo lianze na jina lake.

Gazeti lilitoka. Kesho yake nilipita sokoni Mabatini kununua nyanya kwa mama mmoja aliyewahi kupanga nyumba ya jirani na yetu, ambaye hufungia wateja bidhaa kwa gazeti letu na hulisoma kabla ya kulichana. Alipoona ni mimi, aliacha kupanga nyanya.

"Mwanangu, mwaka huu mmemsahau mama yenu," alisema. "Hata picha?"

Nilitaka kumjibu vizuri, kama ninavyowajibu watu mezani, lakini yakanitoka mengine.

"Hatuna picha yake," nilisema. "Tangu afariki hatujawahi kuwa nayo."

Sijui alielewa nini. Aliniangalia kidogo, akafuta mikono kwenye kanga, akatoka nyuma ya meza yake akanishika begani mbele ya wateja wake wote. "Pole," alisema. "Pole sana, mwanangu." Alisema kama wanavyosema kwa mtu aliyefiwa asubuhi hiyo, nami nikaipokea hivyohivyo.